FUNDISHO LA MEZA ILIYOPASUKA

Masomo ya kusoma nyumbani: Kutoka 31:1-11, Zaburi 128, Marko 6:1-6, Wakolosai 3:18-25.



Leo nataka tuzungumze juu ya meza. Sisemi juu ya Meza Takatifu, hapana. Nasema juu ya meza ya mbao yenye miguu minne, ile ambayo mama anawekea bukari na watoto wanaandikia masomo yao. Mimi mtumishi wenu nilijaribu kuitengeneza, nami sikujua hata kushika msumeno. Kabla sijawahubiri ninyi, zile mbao zilinihubiri mimi. Kwa hiyo nitaanza na kuungama.

I. UNGAMO

Miaka mingi nimehubiri katika parwasi zetu za Lubumbashi kwamba Bwana wetu Yesu, kabla ya kuanza kazi ya Injili, alikuwa seremala. Tunasoma hayo katika Marko 6, mstari wa 3. Watu wa Nazareti walichukizwa naye. Walimjua kwa nyundo na msumeno, basi hawakuweza kuamini kwamba hekima ya Mungu inaweza kutoka kwa mtu mwenye sugu mikononi. Nilipofika hapo niliinua sauti, nikawalaumu sana watu wa Nazareti, na waamini wakaitika Amina.

Kumbe Nazareti ilikuwa nyumbani mwangu.

Mwaka 2014 mzaliwa wetu wa kwanza aliacha shule akiwa darasa la tano la sekondari. Alitaka kujifunza kazi katika ateliye ya menizie mmoja kule Katuba. Mimi nilikuwa nimekwisha kumpangia maisha yake: atasoma sheria, atakuwa avoka, atavaa kanzu nyeusi mbele ya majaji. Nilimwambia neno ambalo mpaka leo naona haya kuliandika: "Katika jamaa yetu hakuna mtu wa kula kwa nyundo. Ukitoka, usirudi." Mtoto akatoka. Wazee walipokuja kunisihi niliwajibu kwa methali: mti hunyoshwa ungali mbichi.

Ikapita miaka mitano. Tulikutana njiani, tukasalimiana kama watu waliopanda motokari moja. Na siku ya yenga nilisimama mbele yenu nikiwahubiri juu ya seremala wa Nazareti, wakati seremala wa nyumba yangu alikuwa hana mlango kwangu.

II. MEZA YA KWANZA

Mwaka 2019, mwezi wa pili, mvua ikinyesha kila siku, mama wa nyumba yangu aliniambia: "Baba, watoto wanaandika juu ya magoti. Tutafutie meza." Fundi mmoja nilimjua kuliko wote, lakini kwake sikutaka kwenda. Nikasema moyoni: nitaitengeneza mwenyewe. Meza ni kitu gani? Si ubao na miguu minne tu?

Nikanunua mbao za mkaratusi, mbichi, nzito kwa maji, kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo. Nikaazima msumeno na nyundo. Miguu niliiunganisha kwa misumari, mitatu kila pembe. Mbao nne za juu nilizipaka gundi ubavuni na kuzibana ziwe kitu kimoja, kiisha nikazipigilia misumari mirefu pande zote, nikisema: hapa hamtoki tena.

Siku ya kwanza meza iliyumba. Nikakata mguu mmoja kidogo. Ikayumba upande mwingine. Nikakata na huo. Nilianza na kimo cha sentimita 75, nikafika 68. Mama akasimama mlangoni akasema: "Baba, ukiendelea hivyo tutarudi kula chini." Watoto walicheka, mimi sikucheka.

Kiisha kikaja kiangazi. Mwezi wa nane, usiku, tulisikia mlio mkali kama wa fimbo inayovunjwa. Nilidhani ni mwizi. Nilipowasha taa niliona uso wa meza umepasuka katikati, tangu mwanzo hadi mwisho, hata kidole changu kiliingia katika ufa. Msumari hata mmoja haukung'oka. Misumari yangu ilishika vizuri kabisa, na kwa sababu ilishika hivyo, ubao ulipasuka.

Nilikaa mbele ya meza ile mpaka asubuhi. Nilijua ni nani katika mji huu angeweza kunieleza.

III. KAZI

Ndugu zangu, ninyi mnajua maneno matatu yanayobeba maisha ya kanisa letu: Upendo, Amri, Kazi. Leo ninayashika kutoka chini, ninaanza na Kazi, kwa sababu mimi mwenyewe nilianzia chini.

Nilikwenda Katuba siku ya posho, nimebeba kipande cha ubao uliopasuka. Mwanangu alikuwa akipiga randa. Aliponiona alisimama. Alipangusa kiti kwa mkono wake, akanipa nikae, kiisha akachukua kile kipande akakigeuza chini juu. Sikumwambia neno, na yeye hakuniuliza neno. Alihesabu misumari. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima: "Baba, umeibana mno. Mti ukikatwa haujafa. Bado unapumua."

Aliniambia mambo ambayo kila fundi anayajua na mimi sikuyajua. Ubao hunywa maji ya hewa wakati wa mvua, ukatanuka. Wakati wa kiangazi huyatoa, ukapungua. Katika urefu haubadiliki karibu hata kidogo, bali katika upana husogea kila mwaka, hata kama mti ulikatwa zamani. Ubao mbichi husogea zaidi. Mtu akiupigilia pande zote mbili usiweze kusogea, hautamwomba ruhusa: utapasuka.

Nikamwambia: "Nifundishe." Basi tangu siku hiyo, kila siku ya posho, majuma sita, mimi mchungaji wenu nilikuwa mwanafunzi katika ateliye ya mtoto wangu. Siku ya kwanza nilifagia maranda. Ya pili nilijifunza kunoa patasi juu ya jiwe. Vijana waliokuwa wakijifunza pale walinipita wote.

Basi niwaulize: nani aliyetudanganya kwamba kazi ya mikono ni ya wale walioshindwa shule? Fungueni Kutoka 31. Mungu anamwita Bezaleli, mwana wa Uri, kwa jina lake, anamjaza Roho wake. Amjaze ili afanye nini? Si ili apigane vita, si ili ahubiri. Ni ili afanye kazi ya dhahabu, akate mawe, achonge mbao. Na katika Kutoka 37 Bezaleli anatengeneza meza ya mti wa mshita: urefu dhiraa mbili, upana dhiraa moja, kimo dhiraa moja na nusu. Dhiraa ni karibu sentimita 45. Haikuwa meza kubwa. Ilikuwa urefu wa sentimita 90 hivi, ndogo kuliko ile yangu iliyopasuka, na Roho wa Mungu hakuona haya kuisimamia. Mtume Paulo naye alishona hema, tunasoma katika Matendo 18:3. Nasi tunajua kwamba hekalu la Nkamba, lililofunguliwa tarehe 6 Aprili 1981, liliinuliwa kwa mikono ya waamini wenyewe. Wale waliobeba mawe na mchanga, je, tutawaambia kwamba kula kwa nyundo ni aibu?

Baba, mama, kama mwana wako anashona nguo, anachomelea vyuma, anatengeneza baiskeli, anasuka nywele kwa uaminifu, usimfiche wageni wanapokuja. Mwite aketi karibu nawe.

IV. AMRI

Sasa nawaambia namna tulivyoitengeneza meza ya pili, ili hata wewe usiyejua ujaribu.

Mwanangu alichagua mbao za mulombwa, mti wetu ule ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu. Mbao hizo zilikuwa zimekaa kivulini tangu mwaka uliopita, zimepangwa juu ya vijiti, hewa ipite chini na kati yake. Mafundi huhesabu karibu mwaka mmoja wa kukausha kwa ubao wenye unene wa sentimita 2 na nusu. Ubao hauwezi kuharakishwa. Mimi nilitaka kumfanya mtoto kuwa avoka kabla hajajua yeye ni nani.

Vipimo vyetu vilikuwa hivi: miguu minne ya sentimita 72, kila mmoja unene wa 7 kwa 7. Mbao nne za ubavuni zinazounganisha miguu, upana wa sentimita 10. Uso wa meza urefu wa 120, upana wa 70, unene wa 3. Jumla ya kimo, sentimita 75.

Hatukutumia misumari kuunganisha miguu. Kila ubao wa ubavuni tuliuchonga ulimi mwishoni mwake, urefu wa sentimita 4, unene kama theluthi moja ya ubao, na katika mguu tukachimba tundu la kuupokea kwa patasi. Ulimi ukiwa mnene mno unapasua mguu. Ukiwa mwembamba mno unacheza. Inatakiwa uingie kwa kusukumwa na mkono na kugongwa kidogo tu. Nilipoharibu tundu moja nilisema: "Si kitu, tujaze gundi, nani ataona?" Mwanangu alijibu: "Baba, hakuna atakayeona. Lakini siku watu wanane watakapoegemea, ndipo itaonekana." Tukaanza mguu mwingine.

Ndugu, sikieni hilo. Nguvu ya meza iko mahali pasipoonekana. Wageni husifu uso unaong'aa, lakini meza inasimama kwa ulimi uliofichwa ndani ya mguu. Na nyumba ya Mkristo hivyo hivyo: inasimama kwa yale unayoyafanya mlango ukiwa umefungwa. Ukijaza gundi mahali pa kweli, siku ya uzito itaonekana.

Tulipounganisha miguu hatukuwa na vibanio virefu. Tulizungusha kamba mara mbili, tukapitisha kijiti kati ya nyuzi na kukizungusha mpaka kamba ikakaza, gundi ikauke. Kabla ya kukauka, mwanangu alipima kutoka pembe moja hadi pembe inayoielekea, kiisha pembe mbili zile nyingine. Vipimo hivyo viwili vikilingana, umbo limenyooka. Visipolingana, limelala upande, hata kama jicho linasema ni zuri. Mimi nilisema ni zuri. Metre ilisema tumekosea kwa sentimita moja. Tukasukuma, tukapima tena.

Hiyo ndiyo amri. Amri haikuwekwa ili itutese. Amri ni metre ya Mungu, kwa sababu jicho la mtu hupenda kazi yake mwenyewe.

Na jambo la miguu. Tulipoisimamisha meza ateliyeni, iliyumba. Mara moja nikanyosha mkono nichukue msumeno. Mwanangu akanizuia, akaigeuza meza nusu mzunguko, ya mbele ikawa nyuma. Ikayumba tena, lakini pembe iliyoinuka ilikuwa pale pale juu ya sakafu, si juu ya mguu ule ule. Akasema: "Kama mguu ndio mfupi, kosa litazunguka pamoja na meza. Kosa likibaki mahali pake, ni sakafu." Nilikumbuka zile sentimita 7 nilizokata nyumbani. Sementi ya sebule yangu ina bonde karibu na mlango, tangu tulipojenga.

Ni mara ngapi nimekata miguu ya watu, kumbe bonde lilikuwa chini yangu! Ewe mume unayesema mke wako hatulii, ewe mzee unayesema vijana wa leo wameharibika, geuza meza kwanza. Tazama kosa linabaki wapi. Mguu uliokatwa haurefuki tena.

V. UPENDO

Tulifika kwenye uso wa meza, mahali pale nilipoanguka. Niliogopa kuugusa.

Mwanangu alichonga mfereji mdogo ndani ya mbao za ubavuni, karibu na juu. Kiisha akachonga vipande vidogo vya mti, vinane, kila kimoja na mdomo mdogo. Mdomo unaingia katika mfereji, na kipande chenyewe kinakazwa kwa parafujo moja chini ya uso wa meza. Basi uso umeshikwa: huwezi kuuinua, huwezi kuung'oa, hauwezi kupinda. Lakini wakati wa mvua ukitanuka, ule mdomo unateleza katika mfereji wake. Wakati wa kiangazi ukipungua, unarudi. Umeshikwa, na una nafasi.

Nilisimama pale, patasi mkononi, nikaona miaka mitano yote mbele yangu. Ile methali ni ya kweli, ndugu zangu: mti hunyoshwa ungali mbichi. Wazee hawakudanganya. Lakini kunyosha si kupigilia misumari. Mimi sikumnyosha mwanangu, nilimpigilia pande zote, angali mbichi, juu ya mpango wangu, nikasema hutoki tena. Kilipokuja kiangazi, jamaa yetu ilipasuka katikati, na mimi nikajisifu kwamba misumari yangu haikung'oka.

Mtume anawaonya akina baba katika Wakolosai 3:21 wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Nimeisoma aya hiyo kwenye ndoa nyingi. Sikuwahi kuisoma nyumbani.

Siku ile, mbele ya wale vijana wanafunzi, nilisema: "Mwanangu, nilikukosea. Nilikufukuza kwa sababu ya kazi ambayo Bwana mwenyewe aliifanya." Hakujibu mara moja. Alikaa kitambo akitazama mbao. Kiisha akasema: "Baba, shika upande ule, tuugeuze." Tukaugeuza uso pamoja, tukauweka juu ya miguu yake, naye akakaza kipande cha kwanza, akanipa mimi nikaze cha mwisho.

Wengine watasema: mchungaji ameanza kuwafundisha watoto uasi. Hapana. Sikieni vizuri, ninyi vijana: ubao usioshikwa kabisa hupinda, wala hakuna atakayeweka sahani juu yake. Amri inabaki, wazazi wanabaki, kanisa linabaki. Mungu naye anatushika hivyo. Anatushika, hatuanguki, wala hatupasui.

VI. TUFANYE NINI?

Tuliifunga meza juu ya baiskeli, yeye akisukuma na mimi nikishika, tukapita nayo barabarani mpaka nyumbani. Majirani walisimama kutazama, si kwa ajili ya meza. Jioni ile mama alipika bukari, sombe na samaki. Tulikaa wote, wakubwa na wadogo, na chini ya mguu wa karibu na mlango tukaweka kipande cha mbao kwa ajili ya lile bonde. Nilimwomba mzaliwa wetu wa kwanza abariki chakula. Zaburi 128 inawalinganisha watoto na miche ya mzeituni kuizunguka meza ya mtu anayemcha Bwana. Nilikuwa nimeihubiri mara nyingi. Siku hiyo niliiona.

Meza ile imepita masika na kiangazi nyingi tangu mwaka 2019, wala haijapasuka. Mbao za meza ya kwanza sikuzichoma. Nilizifanya benchi, na ufa wake bado unaonekana. Mtu akija kwangu kunilalamikia mtoto wake, namkalisha hapo.

Basi nawaomba mambo matatu katika juma hili.

La kwanza: baba au mama mwenye mtoto aliyemfukuza, awe kwa sababu ya kazi, au ya ndoa, au hata kwa sababu mtu fulani alimwita mchawi, inuka uende kwake. Usitume mtu. Beba kipande chako kilichopasuka mkononi.

La pili: kijana ambaye baba yake anakuja, mpangusie kiti. Usimhesabie misumari mbele ya watu kwa kumcheka. Mwanangu alihesabu, lakini hakucheka.

La tatu: nyumba isiyo na meza, watafute mbao kavu, wakae pamoja, baba na watoto, waitengeneze. Ikitoka imepinda kidogo, si neno. Jambo kubwa ni watakaoketi.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe uliyemjaza Bezaleli Roho wako kwa kazi ya mbao, na Mwana wako akajulikana kuwa seremala katika Nazareti, utusamehe mikono yetu iliyobana mno. Tufundishe kushika bila kupasua. Urudishe watoto kwa baba zao, na baba kwa watoto wao, ili kila nyumba yako katika mji huu iwe na meza, na kila meza iwe na watu wake wote. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.